Shati Moja, Mwale Mmoja: Mafunzo Niliyopata Nikiweka Taa Katika Kumbi za Eastlands

Mwelekezi wetu aliniomba kitu kimoja tu katika mchezo mzima: shati. Shati jeupe la shule, la mikono mifupi, limeanikwa kwenye kamba katikati ya jukwaa. Kando yake, gizani, mama amesimama akizungumza na mwanawe ambaye hajarudi nyumbani. "Nataka walione shati," aliniambia. "Mama wamsikie tu."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na taa nne za LED nilizonunua Luthuli Avenue, zile za mviringo zenye vitaa 54 kila moja, nikazielekeza zote kwa shati. Usiku wa kwanza watu waliliona shati. Wakamwona na mama, wakauona ukuta, ubao wa matangazo, kabati la vikombe vya timu ya mpira, na mtoto wa jirani aliyechungulia kutoka mlango wa nyuma. Mama aliigiza kwa moyo wake wote usiku ule, na mwanga wangu ukamwangusha. Nilitembea kutoka ukumbini hadi nyumbani bila kusema na mtu.

Tangu hapo nimeweka taa katika kumbi nyingi, kuanzia Makadara hadi Kayole, na mara nyingi ninachotafuta ni kile kile: mwale mwembamba unaoshika kitu kimoja na kuacha vingine vyote. Niliyojifunza nayaandika kwa mpangilio ulionijia.

1. Tafuta giza kwanza

Kesho yake nilihesabu madirisha ya ukumbi wetu. Yalikuwa kumi na sita, na juu yake safu ya vioo vidogo karibu na dari.

Kumbi za Eastlands zilijengwa ili watu waonane. Chukua ule wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano. Humo ndimo Waafrika wa Nairobi walimokutana kujadili siasa enzi za mkoloni, na Tom Mboya alihutubia humo. Watu waliokuja kubishana juu ya nchi yao walihitaji kutazamana machoni, kwa hivyo madirisha yalikuwa na kazi yake. Sisi tunaokuja na mchezo wa kuigiza tunarithi madirisha hayo hayo.

Na nje ya madirisha yetu kuna mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wa taa uliosimama juu ya mapaa yote ya mtaa. Mimi huushukuru kila usiku ninapopita vichochoroni na mkoba wa vifaa begani. Lakini mwanga wake ulikuwa ukipenya kwenye vile vioo vya juu na kulala jukwaani kama mkeka. Saa mbili usiku nilizima taa zangu zote, nikasimama pale shati lilipoanikwa, nikafungua gazeti. Nilisoma vichwa vya habari bila kukaza macho. Ni taa gani itakayochora mwale mahali ambapo mtu anasoma gazeti?

Jicho halipimi mwanga peke yake, hulinganisha. Kitu huonekana kimeng'aa kwa sababu ya kilicho kando yake. Tulienda Gikomba tukachagua mapazia ya mitumba, mazito, meusi na ya buluu iliyokolea, tukayashona pamoja. Vioo vya juu tukaviziba kwa katoni. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa na kurudisha kila mwanga uliougusa, nao tukaufunika. Kisha nikawasha taa moja kati ya zile nne, tena kwa nguvu kidogo. Shati lilionekana wazi kuliko lilivyoonekana kwa zote nne.

Mapazia yote yalitugharimu chini ya bei ya taa moja. Mtu akiniuliza leo aanze kununua taa gani, humwambia aanze na mapazia, na wengi hudhani sijasikia swali.

2. Pima kwa ngumi kabla hujatoa pesa

Nyosha mkono mbele, kunja ngumi, funga jicho moja. Upana wa ngumi hiyo, kwa mtu mzima yeyote, ni takriban nyuzi 10. Mwenye mkono mrefu huwa na ngumi kubwa, kwa hivyo kipimo hakibadiliki sana kati ya mtu na mtu.

Nilipanda ngazi hadi kwenye bomba ambapo taa ingening'inia, nikalielekezea shati ngumi yangu. Ngumi ililifunika shati lote, ikazidi kidogo pembeni. Basi nilihitaji taa ya nyuzi 10. Zile zangu za Luthuli zilikuwa za nyuzi 25. Nikaweka ngumi mbili na nusu kando kwa kando, na hapo nikaelewa: zilifunika shati, mama, na lile kabati la vikombe. Taa zangu hazikuwa na kosa. Zilikuwa zikifanya kazi zilizotengenezewa, na mimi ndiye niliyezipa kazi nyingine.

Anayependa hesabu azidishe umbali kwa 0.175 apate upana wa duara la taa ya nyuzi 10. Kwa nyuzi 25 azidishe kwa 0.44, na kwa nyuzi 4 kwa 0.07. Kwetu, kutoka bombani hadi kwenye shati ni mita 5. Hiyo ni sentimita 87 kwa taa ya nyuzi 10, mita 2.2 kwa ile ya nyuzi 25, na sentimita 35 kwa ile ya nyuzi 4. Shati lenyewe lina upana wa sentimita 70 mikono ikiwa imetandazwa.

Umbali ndio unaoamua. Taa ile ile ya nyuzi 10 ukiitundika mita 20 kutoka kwa mtu, duara linafika mita 3 na nusu, na mwanga unaofika pale unapungua mara kumi na sita kuliko wa mita 5. Ndiyo maana ni hatari kununua taa kwa sababu uliiona ikifanya maajabu katika uwanja au kanisa kubwa. Uliiona katika umbali wa pale. Nenda nayo nyumbani kwako, katika dari yako, uone itakavyokuwa.

3. Namba ya kwenye katoni inakoma katikati ya njia

Hili ni fupi lakini limewagharimu watu. Watengenezaji wengi wanapoandika nyuzi 25 wanapima mpaka pale mwanga unapofika nusu ya ukali wa katikati. Mwanga haukomi hapo. Unaendelea kufifia kuelekea nje, na kuna kipimo cha pili kinachofika pale unapobaki sehemu moja ya kumi, ambacho mara nyingi hakiandikwi kwenye katoni za bei nafuu. Katika ukumbi wenye mwanga mwingi hiyo sehemu ya kumi haionekani. Katika giza tulilolitengeneza kwa mapazia ya Gikomba, inaonekana kabisa, kama utandu unaozunguka duara. Muulize muuzaji namba zote mbili. Asipozijua, mwombe aiwashe taa ukutani mwa duka, kisha azime taa za duka.

4. Kofia ya bati huficha, haikusanyi

Nilipokosa pesa za taa nyingine nilikwenda kwa mafundi wa jua kali, Kamukunji. Nyundo zinalia pale tangu asubuhi, mtu huongea kwa kupiga kelele. Nilimweleza mzee mmoja anayetengeneza masanduku ya shule kwamba nataka mkebe wa kuvisha mdomo wa taa, urefu wa sentimita 30, wazi pande zote mbili. Akanitazama.

"Unataka kuufinya mwanga ama kuuficha, kijana?"

"Kuufinya, mzee."

"Bati halifinyi kitu. Bati linaficha tu. Lakini nitakutengenezea."

Alikuwa amesema kweli, na ilinichukua wiki mbili kumwelewa. Kofia huzuia mwanga unaotoka pembeni, ule unaowachoma macho watazamaji wa mstari wa mbele na kuangukia dari. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri sana na mpaka leo sitoki nyumbani bila kofia zangu nne za Kamukunji. Lakini mwanga wa katikati haukuongezeka hata kidogo. Nilichokuwa nimefanya ni kutupa ule wa kandokando.

Kwa taa za LED zenye vitaa vingi, kofia ina shida nyingine. Kila kitaa kimekaa mahali pake na kila kimoja kinatupa kivuli chake cha ukingo wa bati. Ukiwa na vitaa 54 unapata vivuli 54 vilivyopandana, na rangi zikichanganywa, ukingo wa duara unakuwa na mistari ya nyekundu, kijani na buluu. Juu ya shati jeupe ilionekana kama doa la mafuta.

Ukitengeneza kofia, ipake ndani rangi nyeusi isiyong'aa, ile inayostahimili moto ambayo mafundi wa magari hupaka kwenye eksosi. Acha nafasi ya hewa kupita mahali kofia inaposhikana na taa. Taa za balbu zenye joto kali zinahitaji kupumua.

5. Tazama kinachowaka ndani, kisha utazame kioo

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na ndipo ningependa msomaji akae pia.

Mwanga unakusanywa na kioo chenye umbo la bakuli. Kitu kinachowaka kikiwa kidogo sana, na kikiwa kimekaa mahali pake hasa mbele ya bakuli hilo, mwanga hutoka ukiwa umenyooka, miale yote ikienda sambamba. Kikiwa kikubwa, sehemu zake za kando zinakuwa nje ya mahali pake, na mwanga unatawanyika. Kwa hivyo swali la kwanza kuhusu taa ya mwale mwembamba ni ukubwa wa kinachowaka ukilinganisha na ukubwa wa bakuli. Wati huja baadaye.

Taa ya kale inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Par 64. Hiyo 64 ni upana wa balbu ukihesabiwa kwa sehemu za nane za inchi, yaani inchi 8. Balbu, bakuli na kioo cha mbele vimeungwa kuwa kitu kimoja, na mkebe wa nje ni wa kushikilia tu. Balbu iliyoandikwa CP60 ndiyo nyembamba kuliko zote za wati 1000, CP61 inafuata, na CP62 ni pana. Mwanga wake una umbo la yai, na ukiizungusha balbu ndani ya mkebe, yai linalala au linasimama. Kwa shati nililisimamisha.

Nilikodi nne za hizi kutoka kampuni moja jijini, nikaambiwa ni nyembamba. Zilipowaka, ukuta mzima ulimeta. Nilipofungua mikebe nyuma, balbu zote zilikuwa CP62. Mikebe ya Par 64 inafanana yote, na mwenye mkebe hajui kila mara aliyemtangulia aliweka nini ndani. Siku hizi siondoki na Par kabla sijaifungua na kusoma herufi. Na hata herufi zikiwa zimefutika, kioo cha mbele kinasema: kikiwa laini na safi, mwanga unatoka mwembamba. Kikiwa na mistari na matuta, kazi ya matuta hayo ni kuutawanya.

Kisha kuna jambo la volti, ambalo lilinifungua macho. Waya wa ndani wa balbu ya volti 240 ni mwembamba na mrefu, umekunjwakunjwa ili uenee. Waya wa balbu ya volti 12 ni mfupi na mnene, mdogo kama punje ya mchele. Punje ya mchele mbele ya bakuli pana: huo ndio mwale. Josef Svoboda, mbunifu wa majukwaa kutoka Chekoslovakia, aliijenga kazi yake ya mapazia ya mwanga juu ya taa za volti ndogo. Taa za kutulia ndege zinatumia volti 28 kwa sababu hiyo hiyo, na mafundi wa matamasha walizichukua wakaunganisha nane kwa mfuatano ili zimudu stima ya kawaida. Nane mara 28 ni 224. Kwetu kwa volti 240 kila moja inapata 30, kwa hivyo inang'aa zaidi na kufa mapema, na moja ikifa zote nane zinazima.

Sikuwa na taa za ndege. Lakini ninaishi Nairobi, na Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, imejaa taa za magari. Nilizunguka asubuhi nzima nikitazama vioo. Taa za ukungu zina mistari, kwa kuwa kazi yake ni kutandaza mwanga chini barabarani, kwa hivyo nikaziacha. Nilitaka spoti za kuona mbali, zile ambazo madereva wa malori huzifunga juu ya kichwa cha gari, zenye kioo kisicho na alama yoyote. Nilipata mbili za balbu ya wati 55, zimetumika, bakuli likiwa halijaingia kutu. Kijana muuzaji aliniuliza nina lori gani. Nilipomwambia ni za shati alicheka, akaacha aliponiona sicheki, akaniunganishia moja kwenye betri pale pale, akaielekeza ukuta wa ng'ambo ya barabara, mchana. Duara lilionekana mchana.

6. Profaili ni nzuri, ila ujue unatupa nini

Profaili ni taa yenye lenzi mbele na dirisha ndani, na kwenye dirisha hilo unaweza kuweka visu vinne vya kukata mwanga, au airisi ya kubana duara. Source Four ya ETC, iliyotoka mwaka wa 1992, ndiyo iliyoenea duniani, na lenzi zake zinaanzia nyuzi 5 hadi 90. Niliikodi moja ya nyuzi 26 na airisi yake. Niliibana hadi duara likalingana na shati. Ilikuwa safi, ukingo wake mkali kama uliokatwa kwa makasi.

Lakini fanya hesabu. Duara la mita 2.3 limebanwa hadi sentimita 80. Kilichobaki ni kama sehemu moja ya nane ya mwanga, na zile saba nyingine zinachoma chuma cha airisi. Ukihitaji duara dogo kila siku, tafuta lenzi ya nyuzi 10 badala ya kubana ile ya 26. Na mwelekezi wetu alikuwa na neno lake pia. Alisema shati linaonekana kama picha iliyobandikwa gizani. Nikalegeza lenzi mpaka ukingo ukalainika, akanyamaza. Akinyamaza yeye, ujue amekubali.

Taa ya Fresnel niliijaribu pia, kwa heshima ya Augustin Fresnel na lenzi zake za minara ya baharini. Hata ukiisogeza mpaka mwisho wa wembamba wake, ukingo wake ni laini na mwanga unamwagika kando. Ni taa nzuri ya uso wa mtu. Shati halikuitaka.

7. Bimu za krusedi zina kazi yake

Miaka hii kila anayekodisha vyombo Eastlands ana vichwa vya kuzunguka vya wati 230, vinavyoitwa bimu. Vilifuata nyayo za Sharpy ya Clay Paky, iliyotoka mwaka wa 2010 na kubadilisha sura ya matamasha kote duniani, ikiwa na mwale usiozidi nyuzi 4. Kwenye krusedi ya uwanjani vinapendeza sana, nguzo za mwanga zinapanda mpaka mawinguni.

Nilipewa viwili bure wikendi moja. Kwa mita 5 duara lilikuwa sentimita 35, likaingia kwenye mfuko wa shati na kola, basi. Mwanga ulikuwa mkali mpaka kitambaa kikapoteza mikunjo yake, kikawa weupe mtupu. Feni zake zilinguruma, na mama katika sehemu ile anaongea kwa sauti ya chini sana, karibu kunong'ona. Pia balbu yake haipunguzwi mwanga taratibu kama ya waya. Kifuniko ndicho hufunga polepole mbele yake. Na stima ikikatika hata sekunde moja, balbu inazima na haiwaki tena mpaka ipoe, jambo linalochukua dakika kadhaa. Kwa mtaa ambapo stima hupepesa kila mvua ikinyesha, nilivirudisha Jumatatu kwa shukrani. Bimu imetengenezwa ili ionekane hewani. Anayetaka kumulika kitu atafute taa nyingine.

8. Mwale huonekana kwa kilicho hewani, na huonekana zaidi ukikujia

Katika hewa safi hakuna mwale, kuna taa kule na duara huku. Kinachoonekana katikati ni chembe zilizoguswa na mwanga. Kabla hatujapata mashine ya moshi tulichoma uunsi, ule udi wa Kisomali unaouzwa Eastleigh, juu ya makaa katika dabqaad, chetezo cha udongo, nyuma ya jukwaa. Ulipanda polepole na kutandaa chini ya dari. Watu waliingia ukumbini wakanyamaza wenyewe, kwa sababu ya harufu, kama walioingia nyumba ya mtu. Mashine ya moshi hutoa mwingi zaidi, lakini tumia maji yake maalumu tu, ufungue dirisha moja la nyuma, na uwaambie watu mlangoni. Kuna wenye pumu katika kila ukumbi.

La pili nililiona barabarani. Asubuhi ya Julai, manyunyu na ukungu, nimesimama Jogoo Road nikingoja matatu. Magari yanayokuja yana miale mirefu mbele yake. Yaliyokwisha kunipita, taa zake za mbele hazionyeshi mwale wowote, ingawa ni ukungu ule ule. Chembe ndogo hutupa mwanga mwingi kuelekea mbele, upande unakoenda. Ukitaka mwale uonekane, taa itundikwe nyuma ya jukwaa ikiwaelekea watazamaji kutoka juu, kwa mteremko ambao hautawaingia machoni.

Nilihamisha spoti moja ya lori nyuma ya kamba, umbali ule ule wa mita 5. Mwale ulionekana kutoka dari hadi kwenye shati. Na shati lenyewe likawaka. Lilikuwa la kitambaa chepesi, limefuliwa mara nyingi, na mwanga ulipita ndani yake. Mshono wa bega ulionekana, pindo, mfuko wa kifuani uliokuwa mweusi kidogo kwa kuwa pale kitambaa ni mara mbili, na karibu na ukosi, mahali mtu aliwahi kutia kiraka kwa uzi usiolingana. Mama alikuwa amelileta kutoka kwake. Hatukuwa tumekiona kile kiraka mpaka usiku huo.

9. Volti 12 zinataka waya mnene na fyuzi

Spoti mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 zinavuta zaidi ya ampea 9. Kwenye stima ya volti 240, wati hizo hizo zingevuta chini ya nusu ampea. Mara ya kwanza nilitumia waya mwembamba wa spika, wa mita nane. Taa iliwaka manjano na waya ukawa vuguvugu mkononi, kwa kuwa nguvu ilikuwa inapotelea njiani. Nilinunua waya wa gari ulio mnene, betri nikaiweka karibu na taa, na fyuzi nikaitia karibu kabisa na betri. Waya mbili za betri ya gari zikigusana bila fyuzi zinaweza kuwasha pazia, na mapazia yetu tuliyapata kwa shida. Betri ikae mahali penye hewa, na ichajiwe siku ya kabla, isichajiwe wakati watu wako ndani.

Usiku wa mwisho wa mchezo ule, ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Tulifika sehemu ya shati. Nilizima za mbele, nikawasha spoti ya nyuma, na mama akaanza. Hakuwa amefika mbali stima ilipopotea. Feni ya dari ilipunguza mwendo ikasimama. Mashine ya moshi ikanyamaza. Ule mwanga uliokuwa bado unachungulia kandokando ya katoni zetu kule juu, tulioushindwa kwa wiki tatu, ukatoweka, kwa maana mulika mwizi nao ulikuwa umezima, na mtaa wote pamoja nao.

Mama hakusimama. Moshi haukuwa na feni ya kuusukuma tena, ukatulia, na mwale ukakaa ndani yake wima, ukilishika shati mabegani. Katika mstari wa mbele msichana mdogo alinyosha mkono kuelekea mwanga. Bibi yake akamshika kiwiko taratibu, akaurudisha mkono pajani pake, na wote wawili wakaendelea kulitazama shati.